Mbwa wa Shamba Si Pipa la Pumba

Leo naomba tuweke pembeni kidogo kuku, ng'ombe na nguruwe, tumzungumzie mfanyakazi ambaye karibu kila shamba linaye lakini kwenye daftari la matumizi haonekani. Namaanisha mbwa.

Nikitembelea mabanda yenu nafurahi kuona mnavyopiga hesabu. Kijana anajua kuku wake wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, anajua mfuko wa kilo 50 utaisha lini, anajua tofauti ya chakula cha kuanzia na cha kumalizia. Nikimuuliza mbwa anakula nini, ananiangalia kama namtania. "Ah, bwana mifugo, huyo ni pumba tu na mabaki." Siku hizi wapo wengine wanaojibu tofauti kabisa: "Wangu anakula nyama tupu, nimeona mtandaoni kwamba mbwa hatakiwi kula nafaka wala majani." Yaani mmoja anamlisha mbwa kama ng'ombe, mwingine anamlisha kama simba. Kwa maoni yangu wote wawili wanakosea kwenye jambo lile lile, nalo ni nyuzinyuzi, au makapimlo kama wanavyoita watu wa lishe.

Msimamo wangu ni huu. Mbwa wa shamba anafaidika na nyuzinyuzi kila siku, lakini ziwe kidogo, ziwe laini na ziwe zimepikwa. Ukimjaza pumba unamnyima chakula. Ukimnyima nyuzinyuzi kabisa unaharibu utumbo wake taratibu. Na utumbo ukiharibika, mlinzi wako hafanyi kazi. Mbwa anayeharisha usiku kucha hazunguki banda. Kicheche na mwizi wote wanalijua hilo kabla yako.

Tumbo la mbwa si tumbo la ng'ombe

Tuanze na maumbile, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo.

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Kile chumba kikubwa, kwa ng'ombe mzima, kinaweza kubeba zaidi ya lita 100, na ndani yake kuna mamilioni kwa mamilioni ya vijidudu vinavyochachua nyasi na pumba. Uchachuaji huo unafanyika mbele, kabla chakula hakijafika kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo ng'ombe anapata nguvu kutoka kwenye vitu ambavyo mimi na wewe tungevitoa kama vilivyoingia.

Mbwa ana tumbo moja na utumbo mfupi. Chakula chake kinasagwa na vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe: protini, mafuta na wanga uliopikwa. Nyuzinyuzi hazimo kwenye orodha hiyo, kwa sababu mwili wa mbwa hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita zilivyo mpaka kwenye utumbo mpana, kule nyuma. Huko ndiko mbwa naye ana bakteria wake, na huko ndiko nyuzinyuzi zinafanya kazi.

Bakteria hao wakipata nyuzinyuzi laini wanazichachua na kutengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Ziko tatu kubwa: asetiki, propioniki na butiriki. Hiyo ya butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukilishwa vizuri unafyonza maji vizuri, na choo kinashikana. Pia asidi hizo zinafanya mazingira ya utumbo yawe magumu kwa baadhi ya bakteria wabaya. Kwa hiyo ukimpa mbwa kipande cha boga lililopikwa, kwa sehemu unamlisha mbwa na kwa sehemu unawalisha wale bakteria wanaomtunzia utumbo.

Ila utumbo mpana wa mbwa ni mfupi na chakula hakikai humo muda mrefu. Hauwezi kufanya kazi ya lile tumbo kubwa la ng'ombe. Ukileta pumba debe zima, bakteria hawatazimaliza. Ninyi wafuga broila mnalijua hili tayari. Hakuna anayempa broila pumba tupu akategemea afikishe uzito kwa wiki sita. Mbona kwa mbwa tunaona sawa?

Nyuzinyuzi haziko sawa zote

Hapa ndipo wengi wanapotea. Neno ni moja, vitu ni tofauti.

Kuna nyuzinyuzi zinazoshika maji na kuwa kama uteute. Zinapatikana kwenye boga, karoti, bamia, na kiasi kwenye viazi vitamu. Hizi bakteria wanazipenda. Zinasaidia choo cha majimaji kishikane, na choo kigumu kilainike. Watu wanashangaa kitu kimoja kinasaidiaje pande zote mbili. Jibu ni kwamba uteute unashika maji: palipo na maji mengi unayakusanya, palipokauka unazuia yasiishe yote.

Halafu kuna nyuzinyuzi ngumu: pumba, makapi, maganda ya nafaka. Hizi karibu hazichachuki kwa mbwa. Zinaongeza ujazo na kusukuma choo. Kwa kiasi kidogo si mbaya. Zikizidi, chakula kinapita haraka na sehemu ya protini na nguvu uliyoinunua inatoka nayo.

Wanaonunua chakula cha mfuko nao wasikilize. Kwenye lebo huandikwa nyuzinyuzi ghafi, na kwa chakula cha kawaida cha mbwa mzima mara nyingi huwa kati ya asilimia 2 na 5. Namba hiyo inatokana na kipimo cha zamani sana, kilichotengenezwa Weende, Ujerumani, katika miaka ya 1860 kwa ajili ya malisho ya mifugo. Chakula kinachemshwa kwenye asidi, kisha kwenye magadi makali, na kinachobaki ndicho kinaitwa nyuzinyuzi ghafi. Shida ni kwamba zile laini, za uteute, nyingi zinayeyuka na kupotea kwenye kuchemsha. Hazihesabiwi. Ndiyo maana mifuko miwili inaweza kuandikwa asilimia 4 yote, mmoja ukampa mbwa choo kizuri na mwingine ukampa milima ya kinyesi. Usisome namba peke yake. Soma na orodha ya vilivyomo. Kama nyuzinyuzi zimetoka kwenye makapi ya biti au mbogamboga, ni habari moja. Kama zimetoka kwenye maganda ya nafaka, ni habari nyingine.

Gharama ya pumba ambayo hamuioni

Najua kwa nini pumba inapendwa. Ni rahisi, ipo tayari kwa ajili ya kuku au ng'ombe, na mbwa akiwa na njaa anakula. Lakini hebu tuifanyie hesabu kama tunavyofanya kwa mifugo mingine.

Pumba za mahindi zinaweza kuwa na nyuzinyuzi ghafi asilimia 10 na zaidi. Mashudu ya alizeti ambayo hayakukobolewa mara nyingi yanapita asilimia 20. Pumba za mpunga za mashine za kijijini, zile zilizochanganyika na maganda, ni mbaya zaidi, na maganda yenyewe yamejaa silika, kitu kile kile kinachotengeneza mchanga na kioo. Sasa linganisha na ile asilimia 2 mpaka 5 ya chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Ukipika uji wa pumba tupu unampa mbwa tumbo lililojaa na mwili wenye njaa.

Utalijua kwa macho. Mbwa anakula sana, anakunya sana, mbavu zinahesabika. Choo ni kingi, chepesi, kina chembe za pumba kama zilivyoingia. Mtu anasema, "Huyu mbwa hanenepi, ana minyoo." Inawezekana ana minyoo, mpe dawa. Lakini ukishampa dawa ukarudi kwenye pumba, hatanenepa.

Kuna hasara ya pili, isiyoonekana haraka. Pumba ina fitati, kitu kinachoyakamata madini kama zinki yasifyonzwe. Mbwa aliyekosa zinki ngozi yake inakuwa na magamba na ukoko, hasa kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo. Nimeona watu wanapaka dawa ya kupe, wanapaka oili chafu, jambo ambalo ni hatari kwa sababu mbwa anajilamba. Kumbe tatizo linaweza kuwa lipo kwenye sufuria. Ngozi ina magonjwa mengi, kwa hiyo apimwe, lakini swali la kwanza liwe anakula nini.

Hasara ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi: sumukuvu. Mahindi yakiingia mvua au yakihifadhiwa na unyevu, kuvu hutengeneza sumu. Yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hiyo inabaki kwenye pumba na kiini, wala haiendi kwenye sembe. Maana yake, mahindi mabovu yakikobolewa watu wanakula sembe iliyopungua sumu, na mbwa anapewa pumba iliyokusanya sumu. Mbwa ni kati ya wanyama wanaodhurika sana na sumukuvu, na inapiga ini. Marekani wameweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo ya chakula cha mbwa. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kujua ukali wake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Pumba inayonuka uvundo au iliyoshikana mabonge usimpe mbwa, na usimpe kuku pia.

Nikiwa hapo hapo, wapo wanaoacha pumba na kumpa mbwa chakula cha kuku wa mayai, wakidhani wamepanda daraja. Chakula kile kina kalisi nyingi kwa ajili ya ganda la yai, karibu asilimia 4, wakati mbwa anahitaji kama asilimia 1. Kwa mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kama hawa wa Kijerumani mnaowanunua kwa bei kubwa, kalisi iliyozidi inaweza kuharibu mifupa inayokua. Na baadhi ya vyakula vya kuku vina dawa za kuzuia koksidia ambazo zinaweza kumdhuru mbwa. Chakula cha kuku ni cha kuku.

Na magunzi! Tafadhali sana, magunzi ya mahindi yasitupwe mbwa anapofika. Gunzi lenye ladha ya mahindi ya kuchoma mbwa analimeza vipande vipande. Halisagiki, linakwama kwenye utumbo, na hapo dawa yake ni upasuaji. Ni nyuzinyuzi nayo, lakini ya kuua. Kokwa za maembe nazo ni hivyo hivyo.

Na hawa wa nyama tupu

Sasa nije upande wa pili, vijana wa mtandaoni. Hoja yao ni kwamba mbwa ni mbwamwitu tu aliyefugwa, basi apewe nyama na matumbo, basi.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature. Walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu, wakakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Yaani kuishi na sisi wakulima kumembadilisha mbwa. Ugali uliopikwa vizuri anausaga bila tabu. Kwa hiyo kusema nafaka ni sumu kwa mbwa si kweli.

Halafu hata mbwamwitu mwenyewe hali nyama ya bucha isiyo na kitu. Anakula mnyama mzima, pamoja na ngozi, manyoya, kano na mifupa laini. Vitu hivyo visivyosagika vinafanya sehemu ya kazi ya nyuzinyuzi kule nyuma. Wewe ukimpa mbwa wako pafu na utumbo pekee, bakteria wa utumbo mpana wanakosa nyuzinyuzi, wanaishia kuchachua protini iliyobaki. Matokeo yake ni amonia na gesi zenye harufu kali, na choo mara laini kama lami, mara kigumu kama jiwe, hasa kama kuna mifupa mingi. Mbwa wa namna hiyo ukipita karibu yake unajua bila kuambiwa.

Na matumbo mabichi ya machinjioni yana shida nyingine kabisa. Mbwa akila mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji, anapata tegu ambaye mayai yake yanamwambukiza binadamu na kumwotesha uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana kwenye jamii za wafugaji, Turkana kule Kenya na Ngorongoro hapa kwetu. Kwa hiyo matumbo yapikwe, kila siku, bila mjadala.

"Mbwa wa babu alikula ugali tu"

Hii nimeisikia mara nyingi kuliko zote. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi mbwa wetu walikula ukoko na walikuwa wakali kuliko hawa wenu." Namheshimu mzee, na sehemu ya maneno yake ni kweli. Lakini mbwa wa babu hakuwa anakula ugali tu. Alizurura mchana kutwa. Alikula panya, panzi, mijusi, matunda yaliyoanguka, mabaki ya mawindo, na vingine ambavyo sitavitaja hapa watu wakiwa wanakula. Alijisawazishia mlo mwenyewe. Na wengi wao walikufa mapema bila mtu kuhesabu.

Mbwa wako wewe amefungwa mnyororo au yuko ndani ya uzio tangu asubuhi hadi jioni. Na ni sawa, kwa sababu hutaki azurure alete kichaa cha mbwa au magonjwa bandani. Lakini ukishamfungia, kila anachokula ni uamuzi wako. Hana pa kwenda kutafuta unachomnyima. Kumfunga mbwa ni kukubali kumlisha.

Tuache kutibu sufuria kwa sindano

Kuna jambo linaniuma. Mbwa akiharisha, kijana anakimbilia duka la pembejeo, ananunua OTC, anapiga sindano. Au anachukua Flajili za nyumbani anazisaga kwenye nyama. Choo kinatulia siku mbili, kinarudi. Anarudia.

Kwenye kata ninayohudumia kuna kijana mfuga kuku chotara aliyefanya hivyo kwa miezi. Mbwa wawili, chakula ni uji wa pumba na mchuzi uliobaki. Kila wiki mbili kuharisha, kila wiki mbili dawa. Tulipokaa naye tukabadilisha chakula na kutoa dawa ya minyoo, choo kilishikana ndani ya siku kumi. Sisemi kila mbwa atakuwa hivyo. Nasema alikuwa analipia tiba ya ugonjwa ambao alikuwa anaupika mwenyewe kila jioni.

Dawa hizo za bakteria haziui wabaya peke yao. Zinafyeka na wale wazuri tuliowazungumzia, wanaotengeneza asidi ya butiriki. Na kila unapozitumia ovyo unawafundisha bakteria wa shambani kuzizoea, na bakteria hao hawabaki kwa mbwa. Wanafika kwa kuku, wanafika kwako. Ushauri wa madaktari wa mifugo siku hizi ni kwamba mbwa mzima anayeharisha ghafla, asiye na damu kwenye choo, mwenye hamu ya kula na nguvu zake, kwa kawaida hahitaji dawa hizo. Anahitaji maji, chakula laini kinachosagika, na nyuzinyuzi kidogo.

Lakini nisieleweke vibaya. Boga halitibu kila kitu. Ukiona damu kwenye choo, kutapika kusikoisha, kulegea, au mtoto wa mbwa asiyechanjwa anaharisha, piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa parvo, unaua watoto wa mbwa kwa siku chache, na hakuna chakula kinachoutibu. Chanjo ndiyo kinga.

Sufuria ninayoishauri

Mnapenda vipimo, basi hivi hapa. Chukua mbwa mzima wa kilo 20 anayelinda usiku. Kwa siku:

– Unga wa dona gramu 200, upikwe uwe ugali laini au uji mzito ulioiva kabisa.
– Dagaa wakavu gramu 100. Wa ziwani mara nyingi wana mchanga, waoshe vizuri. Wa baharini wengi wamechemshwa kwa chumvi, waloweke na kumwaga maji kwanza.
– Boga lililopikwa na kupondwa, vijiko vya chakula 3 au 4. Ukikosa boga tumia karoti au viazi vitamu vilivyopikwa.
– Mchicha au matembele yaliyochemshwa na kukatwa, kiasi cha kiganja.
– Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula.
– Mara moja kwa wiki, badala ya sehemu ya dagaa, maini yaliyopikwa.

Gawa mara mbili, asubuhi kidogo na jioni zaidi kabla ya zamu. Usiweke vitunguu, vya maji wala saumu, maana vinaharibu damu ya mbwa. Ndiyo maana mchuzi uliobaki nyumbani siupendi. Maji safi yawepo muda wote. Mbwa wa ukubwa huo anahitaji lita 1 mpaka 1 na nusu kwa siku, na joto likizidi anahitaji zaidi. Nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo.

Mtaniuliza kwa nini dona na si sembe. Kwa sababu dona ina ganda na kiini chake, kwa hiyo tayari inabeba nyuzinyuzi kiasi. Ukiongeza boga na mchicha, umefika. Huna haja ya kuongeza pumba hata kijiko. Sharti ni mahindi yawe makavu na safi, kwa sababu zile habari za sumukuvu zinaihusu na dona.

Hiki ni chakula cha shambani kinachowezekana. Sisemi kimekamilika kila madini na vitamini. Mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, au mtoto anahitaji nguvu na protini zaidi na nyuzinyuzi chache zaidi, kwa hiyo ongea na mtaalamu kabla ya kumpa hivi. Kwa mzima, mwongozo wako ni mbavu zake: ukipapasa uzisikie, ila usizihesabu ukiwa umesimama mbali. Zikionekana ongeza, zikipotea punguza.

Usibadilishe kwa siku moja. Bakteria wa utumbo wanahitaji muda kuzoea chakula kipya. Chukua wiki nzima: anza na robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha chote. Ukikurupuka ataharisha na utasema afisa ugani alinidanganya. Na kabla ya yote mpe dawa ya minyoo. Mbwa mzima kila miezi mitatu. Mtoto aanze akiwa na wiki mbili na arudie kila baada ya wiki mbili mpaka wiki mbili baada ya kuachishwa kunyonya, halafu kila mwezi mpaka atimize miezi sita.

Kisha jifunze kusoma choo kama unavyosoma cha kuku. Choo kizuri kimeshikana, unakiokota bila kuacha alama kubwa chini, hakijakauka kama chaki wala hakimwagiki. Kikiwa laini, punguza mboga kidogo na angalia maji yake na usafi wa chombo. Kikiwa kigumu, punguza mifupa, ongeza boga kijiko kimoja na maji. Kikiwa kingi kupita chakula alichokula, jua bado kuna makapi mahali fulani kwenye sufuria yako.

Na hesabu yake? Kwa mwezi ni unga kilo 6 na dagaa kilo 3, boga mnalolima wenyewe, na chupa ndogo ya mafuta. Weka bei za soko lako. Halafu andika pembeni yake thamani ya kuku unaowalaza kila usiku bandani. Kama una kuku 300, gawa gharama ya mbwa kwa 300 uone kila kuku anachangia shilingi ngapi kwa ulinzi wa mwezi mzima. Wengi mtashangaa jinsi ilivyo ndogo. Kwa nini basi mlinzi wa biashara ya mamilioni alishwe takataka?

Ombi langu ni moja. Kesho fungua lile daftari lenye safu ya chakula cha kuku, chanjo na umeme, uongeze safu ya mbwa. Siku mtu anapoandika gharama ndipo anapoanza kumhesabu kama mfanyakazi. Na zile pumba mpelekeeni ng'ombe, zikiwa kavu na safi. Yeye ndiye mwenye tumbo la kuzifanyia kazi.